Kumkorogea mgonjwa wa akili dawa kwenye uji bila kumwambia: muuguzi aseme ndiyo au hapana?

Mtoa mada: Wakuu, salaam. Kijana ana skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), ametoka wodini na dawa yake, haloperidoli miligramu 5 kila usiku. Nyumbani anasema yeye mzima, hamezi kitu. Mama anaponda kidonge, anakikorogea kwenye uji. Siku ya kliniki anamuuliza muuguzi: niendelee? Mimi nasema aendelee. Mtu asiyejua kuwa anaumwa hawezi kukubali tiba, na tukimsubiri akubali atapigwa na wananchi kwa kudhaniwa mwizi. Wauguzi mnasemaje?

Sista wa Wodi: Mkuu, haki za mgonjwa tuziweke kando kwanza, tuangalie dozi. Mama hamwambii daktari kuhusu uji. Kwenye faili imeandikwa "anakataa dawa". Daktari anafanya kinachofuata kwa kawaida: Modecate ya kuchoma kwenye msuli, miligramu 25, inayokaa mwilini wiki kadhaa. Mama naye anaendelea na uji, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Sasa kijana ana dawa mbili zenye kazi moja.

Siku chache baadaye shingo inapinda, macho yanapanda juu, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Familia inaona majini, inampeleka kwa mganga. Kumbe ni msuli uliokazwa na dawa, na sindano ya promethazini miligramu 25 hadi 50 kwa kawaida huulegeza muda si mrefu, kisha vidonge vya Artane, navyo vya kuzuia msuli kukaza, kwa siku chache. Akianza kukoroma au kushindwa kuvuta pumzi, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Na akiwa na homa kali, mwili mgumu kama ubao na kuchanganyikiwa, dawa zote za aina hiyo zinasimamishwa na anawahishwa hospitali, maana hali hiyo inaua.

Kwa hiyo muuguzi hajibu ndiyo wala hapana kabla hajauliza: tangu lini, vidonge vingapi, na uji unaisha wote au unabaki kwenye kikombe?

Mfamasia: Naongezea la kinu na mchi. Si kila kidonge cha wagonjwa wa akili kinapondwa. Valproeti yenye ganda gumu ukiiponda inaunguza tumbo. Karbamazepini na lithiamu za kuachia polepole ukiziponda, dozi ya saa nyingi inamwagika kwa mkupuo. Lithiamu haina mzaha: kwenye damu tunataka milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, ikipita 1.5 sumu imeanza, yaani kutapika, kuhara, mikono kutetemeka vibaya, kuyumba. Damu hiyo huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kama hujui dozi ya mwisho ilinywewa saa ngapi, majibu ya maabara hayakusaidii.

Klozapini nayo, dawa nyingine ya skizofrenia: ikirukwa zaidi ya saa 48 huruhusiwi kurudi kwenye dozi ya zamani, unaanza upya na miligramu 12.5. Mgonjwa aliyesusa uji siku tatu, halafu akabembelezwa akanywa, anaweza kuanguka kwa presha kushuka. Na dawa ya maji ya risperidoni haichanganywi na chai wala soda ya kola.

Mtoa mada: Nawaelewa, lakini mnaongea kama watu wenye wodi na walinzi. Nyumbani yuko mama peke yake na kijana mwenye nguvu.

Jirani wa Kisauni: Kaka, mama nampa pole. Ila angalia ugonjwa wenyewe unavyokwenda. Baadhi yao wanaamini wanatiliwa sumu kwenye chakula. Siku akiona unga mweupe chini ya kikombe, utamwambia nini? Amepata ushahidi. Baada ya hapo hali tena chakula cha mama, na huyo mama ndiye pekee aliyekuwa anamsikiliza.

Mwanasheria: Kwa kifupi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Kenya iliridhia 2008 na Tanzania 2009. Ibara ya 25 inataka tiba itolewe kwa ridhaa ya mtu aliyeelezwa. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, Kenya ilirekebisha yake 2022. Zote zina njia ya kumlaza mtu bila hiari yake, na njia hiyo ina karatasi, daktari na muda wa kuangalia upya. Kikombe cha uji hakina hata kimoja.

Sista wa Wodi: Nimjibu kaka swali lake la mama peke yake. Muuguzi amuulize kijana, mama akiwa nje, kwa nini hamezi. Mara nyingine jibu si "sina ugonjwa". Ni mate kumtoka, kulala mpaka saa nne asubuhi, au nguvu za kiume kupotea na anaona aibu kusema mbele ya mama. Hayo yana dawa: kupunguza dozi, kubadili dawa, kusogeza saa. Mwezi wa Ramadhani dozi ya mara moja kwa siku inahamia baada ya futari. Mwenye lithiamu amwone daktari kabla ya kufunga, kwa sababu ukosefu wa maji unaipandisha kwenye damu.

Akikataa bado, apewe chaguo la sindano, waziwazi, akianza na dozi ndogo ya majaribio ya miligramu 12.5. Wengi wanaipenda kuliko kuulizwa kila usiku "umemeza?". Na kama ni hatari leo hii, hiyo ni dharura: alazwe kisheria.

Mtoa mada: Na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, asiyejua hata jina lake?

Sista wa Wodi: Hapo nakubaliana nawe zaidi. Uwezo wa kuamua hana, na haurudi. Lakini hata huyo, daktari, mfamasia, muuguzi na familia wakae, waandike: dawa gani, kwenye chakula gani, kiasi gani, nani anatoa, na tarehe ya kuangalia upya. Dawa iwekwe kwenye vijiko viwili vya kwanza, si kwenye sahani nzima. Akisusa, iandikwe "hakunywa", isirudiwe jioni kwa kukisia.

Mtoa mada: Sawa. Basi mama wa kijana, kesho kliniki, aanze kwa kusema nini?

Sista wa Wodi: "Nimekuwa nikimtilia kwenye uji, tangu tarehe fulani." Aseme kabla sindano haijavutwa.