Mtoto wa miaka 5 anaenda kupasuliwa moyo Eldoret: nimwambie nini, na lini?

FundiWaKibuye
Hamjambo wazazi wenzangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Binti yangu alizaliwa na ugonjwa wa moyo, ule madaktari wanauita tetralojia ya Fallot: kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Akikimbia kidogo midomo na kucha huwa bluu, anachuchumaa mpaka pumzi irudi. Wenzake wa PP2, darasa la chekechea, wameshazoea. Wakicheza mchezo wa kati humngoja, akiinuka mchezo unaendelea.

Tarehe tumepewa, Hospitali ya Rufaa ya Moi, mwezi ujao. Mambo ya SHA (bima ya afya) na fomu yako sawa, hayo msinijibu. Shida ni yeye mwenyewe. Mama yangu anasema mtoto haambiwi mambo kama haya, tumwambie tunaenda Eldoret kumsalimia shangazi. Mke wangu hataki uongo, lakini akianza kueleza machozi yanamtangulia. Na juzi binamu yake mkubwa kamwambia, "Watakutoa moyo wakuwekee wa mbuzi." Tangu hapo kila nikishika makasi ananiuliza kama ndiyo hiyo.

Mliopitia haya, mlisema nini? Nataka maneno yenyewe.

MamaLanet
Pole baba. Wangu alizibwa tundu akiwa na miaka sita, sisi tuko Nakuru. Hiyo ya mbuzi ifute leo leo, usingoje mwezi ujao. Mwambie moyo ni wake na atarudi nao nyumbani, unatengenezwa tu.

Ya shangazi hapana. Ataamka na mirija kifuani na shangazi haonekani, na sindano itakayofuata hatakuamini tena.

Maneno yangu yalikuwa haya: "Ulizaliwa na tundu moyoni. Si kwamba ulikosa adabu au ulicheza sana. Daktari atakupa dawa ulale usingizi ambao hata ukifinywa huhisi. Akimaliza kushona, dawa inaisha, unaamka, utatuona." Hilo la usingizi litenganishe na usingizi wa nyumbani, la sivyo ataogopa kitanda. Sikumwambia haitauma. Nilimwambia itauma, na akiumwa aseme, dawa ipo. Mimi nilidhani ataniuliza kama atakufa. Aliuliza viatu vyake vitakaa na nani!

FundiWaKibuye
Asante sana mama. Nimemwambia usiku huu. Amenyamaza, kisha akauliza: kwa hivyo mbuzi hachinjwi?

NesiMstaafu
Nimecheka, lakini hilo swali ni zuri, ameanza kuongea. Nimehudumu wodi ya watoto miaka mingi. Mtoto wa umri huo, habari kamili mpe siku tatu hadi tano kabla. Ukimweleza yote mapema mno usiku unakuwa mrefu kwake.

Wewe una cherehani. Mshonee mwanasesere wa vitambaa, mchore mstari katikati ya kifua, umwachie bandeji na kipande cha uzi kiwe dripu. Yale asiyokuuliza wewe atayauliza kupitia huyo mwanasesere. Kaa karibu usikilize tu, usimsahihishe kila neno.

Pia mkubaliane ishara za mkono. Huko ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, huenda akaamka mrija wa kupumulia ungali umepita mdomoni, hataweza kutoa sauti, na watoto wengi hilo ndilo huwatisha kuliko kidonda. Kidole kimoja anaumwa, viwili anataka mama. Na mshonee mashati ya vifungo mbele, ya kichwani hayatavalika. Akitoka msimnyanyue kwa makwapa wala kumvuta mikono wiki sita hadi nane, mfupa wa kifua unaunga. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni.

Shinyalu_Baba3
Mimi naongeza la mama yako, nyanya ya mtoto. Usimpige vita, mpe kazi. Usiku wa kufunga awe mlinzi, maana binamu wa mbuzi ndiye huyo huyo atakayempa andazi kisirisiri. Tumboni kukiwa na chakula wanaahirisha, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa amelala. Na mama akilia alie, mradi amwambie mtoto ni kwa sababu anampenda na ana wasiwasi.

NesiMstaafu
Kweli kabisa. Kawaida chakula kinakatwa masaa sita kabla ya upasuaji, maji matupu masaa mawili kabla, lakini fuateni saa mtakayopewa kule. Kwa Fallot usimkatie maji mapema kuliko walivyosema, damu yao huwa nzito na kukauka kunaweza kuwaletea ile hali ya kuwa bluu. Ratiba ikisogea, uliza habari ya dripu.

FundiWaKibuye
Kitambaa cha mwanasesere nimeshakata. Swali moja: ana jino limeoza nyuma. Ling'olewe kabla au tungoje?

NesiMstaafu
Kabla, na usichelewe. Wadudu wa jino bovu huingia kwenye damu na kushambulia moyo. Ila pigia kliniki ya moyo kwanza, kwa kawaida anapewa antibayotiki kabla ya kung'olewa. Daktari wa meno aambiwe ni Fallot kabla hajagusa kitu. Na akishikwa na homa au kikohozi wiki hiyo, piga simu kabla hamjapanda gari.