Kafyu ya korona: wavuvi Malindi tulifikiriwa kweli?

jarife_la_usiku: Jamani ile kafyu ya Machi 2020, saa moja jioni mpaka kumi na moja alfajiri, nani alimuuliza mvuvi? Sisi twatega usiku, samaki hajui kafyu, na hata ukimpata wamuuzia nani, hoteli zimefungwa watalii Waitaliano washaenda zao

mama_mahamri: Pole kaka, lakini maradhi yangeletwa na mabasi ungesemaje? Kufunga kaunti yetu ya Kilifi Aprili, mtu asiingie wala asitoke, ilikuwa sawa tu, ila njaa ndo hawakuipangia, mie unga ulinilalia

mlamu_halisi: Nyie mlifungwa, sisi Lamu hatukufungwa ila basi la Mombasa lapita kwenu, sasa abiria apite wapi, aruke??

jarife_la_usiku: Panda jahazi 😂 ila urudi kabla ya saa moja