Ukoo wa Magomeni: Jumapili darajani

*Jumatano*

Dada Rehema, 2:14 usiku: Asalam aleikum wapendwa. Narudia mara ya tatu wiki hii. JUMAPILI saa 12 asubuhi tunakutana Coco, tunatembea daraja la Tanzanite mpaka Aga Khan na kurudi. Daraja lenyewe kilomita moja na kidogo tu. Wekeni majina

Dada Rehema, 2:51: Naona tiki za bluu. Watu 14 mmesoma

Shemeji Frenki, 2:53: 🏃🏾‍♂️

Dada Rehema: Frenki hiyo ndio ndiyo au?

Kaka Idi: Huyo anatoroka kikao 😂😂

Mama Salma: 😂😂😂

Dada Rehema: Chekeni tu. Mimi juzi nimepimwa presha 148 kwa 96, daktari kaniuliza kazi gani nikamwambia mhasibu, akasema aah basi. Nakaa kwenye kiti saa 2 mpaka saa 11, nikitoka nakaa kwenye foleni Ubungo mpaka Mbezi, nikifika nakaa kwenye kochi. Jana simu imenihesabia hatua 1,870 na nusu yake ni kufuata chai. Shirika la Afya Duniani wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, ukigawa ni nusu saa siku tano, kutembea tu kwa haraka haraka sio lazima ukimbie kama mwizi

Kaka Idi: Hizo 150 mi nazimaliza nimening'inia kwenye mwendokasi toka Kimara mkono juu. Haihesabiki?

Dada Rehema: Haihesabiki Idi

Abuu Maskati: Dada niweke. Kwenu saa 12 huku ni saa 1 na jua lishawaka, ntatembea hapa ufukweni Mutrah nawapigia video twende pamoja

Dada Rehema: Ona sasa, alieko Oman ndio kajibu

Mama Salma, 3:20: Kabla ya majina naomba kuuliza. Ile elfu 25 ya tisheti mwaka jana iko wapi

Kaka Idi: Uwiii

Dada Rehema: Mama Salma hili tulishaongea, fundi alikula advansi akafunga banda

Mama Salma: Uliongea na nani? Nilitoa yangu nikatoa na ya Salma mpaka leo mtoto anafanyia mazoezi na tisheti ya kampeni. Na ya Bagamoyo bado sijasema

Dada Rehema: Ya Bagamoyo usiyalete hapa

Kaka Idi: Yalete. Kwanza ndoo ya pilau ilibaki kwa nani? Nauliza tu vijana wajue

Shemeji Frenki: Kaka mi ile ndoo nilikuwa nailinda

Dada Rehema: JUMAPILI jamani. Tunaongelea JUMAPILI

*Alhamisi*

Bi Mkubwa, 12:40 asubuhi: Anaandika Shamsa nasema mimi. Nimesomewa yote. Hilo daraja silijui. Marehemu baba yenu alikuwa karani na yeye, kutwa kwenye meza, lakini Magomeni mpaka Posta kwa miguu na kurudi, na jioni lazima apite kila baraza mtaa huu mpaka chakula kinapoa nagomba. Nyinyi mara ya mwisho kukutana wote ni arobaini yake. Leo mnagombania tisheti. Na mguu wangu umevimba wiki ya pili hakuna alieuliza

Kaka Idi, 6:05 mchana: Shikamoo mama. Tumekosa

Mama Salma: Shikamoo mama. Mguu upi?

Bi Mkubwa: Marahaba. Wa kulia. Na sukari imeisha

Dada Rehema, 11:32 jioni: Mama nisamehe, nilikuwa kwenye kufunga mahesabu. Jamani tubadilishe. Jumapili tukutane Ubungo saa 12 ile ile, tushuke na barabara ya Morogoro kwa miguu mpaka kwa mama, saa moja hivi, tunywe chai hapo na mguu tuuangalie

Shemeji Frenki: Mi nishanunua raba kwa ajili ya daraja

Dada Rehema: Raba zinatembea popote Frenki

Mama Salma: Sukari naleta mimi. Ila ntakuja na bajaji

Kaka Idi: Saa 12 au saa 12 yetu?

Abuu Maskati: Sasa video nawapigia mkiwa Ubungo au mkishafika?

Dada Rehema: Majina: 1. Rehema 2. Abuu (video) 3. Mama Salma (bajaji) 4. ?

Anti Zai, 4:48 usiku: Samahanini nilikuwa sina bando. Jumapili kuna nini

Dada Rehema: Anti panda juu usome

Anti Zai, 5:10: Nimesoma. Ile ndoo ilikuwa yangu