Kwa nini kesi ya ardhi ya Wameru ilifikishwa Umoja wa Mataifa?

Baba_Neema: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa kidato cha pili anaandika kuhusu Kirilo Japhet. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, sasa iliwezekanaje mtu wa Meru ampite Gavana akashtaki New York? Na alipata nini?

Mjukuu_wa_Leguruki: Mkuu, sisi hatukuwa koloni kama Kenya. Mjerumani aliposhindwa vitani, nchi alikabidhiwa Mwingereza aiangalie, na kuanzia 1946 aliitawala kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mwananchi aliruhusiwa kupeleka malalamiko yake kwenye Baraza la Udhamini.

Mlima Meru ulishazungukwa na mashamba ya walowezi tangu enzi za Mjerumani. Mwaka 1947 Jaji Mark Wilson akapendekeza mipaka mipya: Leguruki na Ngare Nanyuki, mashamba namba 31 na 328 kwenye karatasi za serikali, wapewe Wazungu wafugie ng'ombe, wenyeji wahamie King'ori. Watu karibu 3,000 wakagoma. Novemba 1951 askari wakaja, nyumba zikachomwa moto.

Bibi yangu alikuwa binti mdogo. Mpaka anazeeka, kilichomuuma zaidi ni kihenge cha mama yake: kiliungua kikiwa kimejaa mahindi, na wao wamesimama pale wanaangalia. King'ori hawakwenda. Walibanana kwa ndugu huku juu mlimani, familia mbili tatu chumba kimoja.

Mpare_Halisi: Nauli ya New York ilitoka wapi miaka hiyo?

Mjukuu_wa_Leguruki: Wameru walichanga wenyewe, ndugu yangu, watu waliokuwa wametoka kupoteza mifugo na makazi. Wakili alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 yeye na Kirilo wakafika Umoja wa Mataifa. Nchi nyingi ziliwaunga mkono, lakini Desemba, kwenye Baraza Kuu, theluthi mbili ya kura haikutimia. Walowezi wakabaki na ardhi.

Kirilo aliporudi alizunguka akiwasimulia watu yaliyotokea, na TANU ilipoanzishwa Julai 1954 habari za Meru zilishasambaa. Baba Neema, mwambie kijana asiandike kwamba safari ya Nyerere ya Machi 1955 ndiyo ilifungua njia ya Umoja wa Mataifa. Kirilo alitangulia kwa karibu miaka mitatu.

Baba_Neema: Asante sana mkuu. Namsomea sasa hivi.