Wanafunzi 14, dakika 60: tugawane vipi onyesho letu la kufunga mwaka?

Pazia:
Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sanaa za maonyesho chuoni, na wenzangu wamenichagua niratibu onyesho la kufunga mwaka, ambalo walimu watalitolea alama na waongozaji wa nje wamealikwa kulitazama. Nusu ya darasa wanataka tuigize tamthilia moja, lakini kila tuliyoisoma ina wahusika wakuu watatu au wanne, na wanaobaki huwa askari na wapita njia. Nusu nyingine wanataka kila mtu apewe dakika nne za kusema peke yake. Jana dada mmoja, ambaye katika maonyesho mawili yaliyopita alipangiwa kuwa mjumbe, aliondoka mazoezini akilia. Nifanyeje ili kila mmoja aonekane, na bado liwe onyesho moja?

Nyuma ya Jukwaa:
Mdogo wangu, anza na hesabu. Watu 14 kwa dakika nne ni dakika 56, na kati yao mtapokezana jukwaa mara 13. Hata kila zamu ya kupokezana ikichukua sekunde 20 tu, mmekwisha kuvuka saa moja, na makofi hujayahesabu. Wapange wawili wawili. Majibizano saba ya dakika sita ni dakika 42, kupokezana mara sita kwa nusu dakika ni dakika tatu, na robo saa inayobaki iwe ya kufungua na kufunga mkiwa wote jukwaani. Tumieni meza moja na viti viwili kwa vipande vyote, na wanaotoka wavipange kwa ajili ya wanaoingia huku wengine wakiimba, ili hadhira isikae gizani ikisikiliza viti vikiburutwa.

Mwalimu wa Zamani:
Ninakubaliana na hesabu hiyo, lakini kuwapanga wawili wawili hakutoshi, kwa sababu yapo majibizano mengi ambamo mmoja anasema na mwenzake anauliza maswali tu. Stanislavski, mwongozaji wa Kirusi na mmoja wa waanzilishi wa Jumba la Maonyesho ya Sanaa la Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji wajiulize mhusika anataka nini na ni kitu gani kinamzuia. Pimeni kila kipande kwa swali hilo, msikipime kwa idadi ya mistari. Mjumbe aliyebeba habari ya kifo na anayeogopa kuitamka ana kazi nzito kuliko mfalme anayemsikiliza, ingawa sikushauri umwambie hivyo dada yule sasa, maana atadhani unambembeleza apokee nafasi ileile. Kabla hujagawa chochote, mwendee umuulize angependa kuigiza mtu wa namna gani.

Fundi Taa:
Mimi naongeza jambo moja ambalo vikundi vya wanafunzi hulisahau. Tengeni siku nzima ya mazoezi ya taa na sauti, mbali na mazoezi ya mwisho yenye maleba kamili. Siku hiyo msiigize kila kitu. Rukeni kutoka ishara moja ya kubadili taa au sauti hadi inayofuata, mrudie kila badiliko la taa mpaka liende sawa. Vipande saba vina miingio saba na mitoko saba, na makosa mengi hutokea hapo.

Pazia:
Ninawashukuru kwa dhati. Nilimwendea dada yule jioni, akanijibu bila kusita kwamba anataka kuigiza mama anayekataa kumsamehe mwanawe, na mwenzetu mmoja akajitolea papo hapo kuwa huyo mwana. Darasa limekubali majibizano saba. Kipande cha mama na mwana tumekiweka cha tatu, mahali ambapo hadhira imekwisha kutulia na bado haijachoka, na siku ya taa na sauti tumeiandika kwenye ratiba kabla ya kitu kingine chochote.