Watafiti wa kichocho wanaomba choo cha wanangu, bibi yao amekataa. Naombeni ushauri (Kigoma)

Mama Shukuru

Habari za jioni wana jamvi. Wakubwa zangu shikamooni.

Niko Kigoma, mwaloni Katonga, kazi yangu kununua dagaa wabichi na kuanika. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 8 na wa kike miaka 3. Jumatatu iliyopita walikuja watu wanne na mwenyekiti wa mtaa, wakajitambulisha kuwa ni watafiti wa magonjwa ya matumbo, hasa kichocho. Wakaniachia vikopo vitatu kwa kila mtoto, niweke choo cha asubuhi siku tatu mfululizo, na kimoja cha mkojo. Nikaambiwa nisome fomu kwanza, nikiridhika nisaini.

Mama mkwe ninayeishi naye aliviona vile vikopo akanyamaza hadi usiku. Ndipo akaniambia, "Uchafu wa mtoto haupewi mgeni." Kwake choo, nywele na kucha ni vitu ambavyo mtu akivipata anaweza kukufanyia ubaya. Ni mama yangu, namheshimu, sitaki kumpita. Mume wangu yuko ziwani, huu ni wakati wa giza, hadi mbalamwezi ndipo apumzike nyumbani. Na mimi mwenyewe nina kinyongo: zamani kijijini kwetu waliwahi kuja watu wakachukua damu za watoto, hatukuwaona tena wala hatukuambiwa kitu.

Linalonivuta ni huyu mwanangu wa kwanza. Tangu mwaka jana tumbo linamsumbua. Mara tatu nimempeleka, mara tatu wametoa damu kidoleni wakasema taifodi, tukapewa dawa, akapata nafuu wiki mbili, likarudi. Shati la shule kifungo cha chini hakifungi tena, na mikono yake imekonda. Wiki iliyopita aliniita kutoka chooni, "Mama njoo uone." Nikakuta choo laini chenye kamasi, na damu imejichora juu yake kama uzi.

Je, nikubali? Nitajuaje kama ni watafiti wa kweli? Na hicho choo wanakifanyia nini?

Kaka wa Mwanga

Dada mimi ningekataa. Watu wanatufanya sisi wa pembezoni uwanja wa majaribio, wakimaliza wanaandika vitabu vyao na sisi tunabaki na matumbo yetu. Mpeleke mtoto hospitali, achana nao.

Fundi Darubini

Mama Shukuru pole sana. Mimi ni mtu wa maabara, nimesoma vioo vya choo kwa miaka mingi katika mikoa ya ziwani, kwa hiyo nikujibu hilo la mwisho kwanza.

Kipimo kinaitwa Kato-Katz, kimebeba majina ya Mjapani na Mbrazili waliokitengeneza na kukiboresha. Choo kinachekechwa kwenye wavu mdogo kutoa makapi. Kinachopita kinajazwa kwenye kitundu cha kibao cha plastiki kinachobeba miligramu 41.7 tu, yaani hata punje ya harage ni kubwa kuliko hiyo. Kibao kinatolewa, choo kinabaki juu ya kioo, kinafunikwa kwa kipande cha selofani iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, na unakigandamiza mpaka uweze kuona maandishi ya gazeti kupitia kwake. Halafu darubini. Yai la kichocho cha tumbo halifichiki: ni refu la mviringo, na ubavuni lina mwiba. Unahesabu yote unayoyaona, unazidisha kwa 24, unapata mayai kwa gramu moja ya choo. Chini ya 100 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya wastani, 400 na kuendelea mazito.

Siku tatu ni kwa sababu mayai hayatoki sawasawa. Leo unaweza kukosa hata moja, kesho ukakuta kumi. Na ukiona wanakimbilia kusoma kioo mara wakishakiandaa si ushari, ni kwamba mayai ya safura, mnyoo mwingine wa tumbo, yanayeyuka kwenye gliserini ndani ya saa moja hivi, ukichelewa kusoma kioo utaandika hakuna na kumbe yalikuwepo. Mkojo una kazi yake: minyoo ya kichocho inatapika mabaki ya damu iliyokula, na chembe za matapishi hayo hupita hadi kwenye mkojo. Kuna kijikasha kama cha kupima mimba kinachozinasa kwa mstari.

Sasa hilo la taifodi. Kipimo cha damu wanachokitumia wengi kinaitwa Widal, ni cha mwaka 1896. Hakitafuti mdudu, kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana na mdudu huyo au jamaa zake. Mtu aliyeugua zamani kinaweza kumwambia anayo leo. Kuthibitisha taifodi inabidi damu ioteshwe maabara siku kadhaa. Sisemi mwanao hakuwa na taifodi, sijamwona. Lakini mtoto wa mwaloni, tumbo kubwa, damu na kamasi, miezi yote hiyo, na hakuna aliyeangalia choo chake? Hapo naumia. Mtafiti au si mtafiti, choo cha huyo mtoto kipimwe wiki hii.

Karani wa Tabora

Nimefanya kazi ya kukusanya taarifa za utafiti huku Tabora, nichangie kwenye swali la pili.

Utafiti wowote wa afya ya binadamu Tanzania bara unapaswa kuwa na kibali cha maadili, na chombo cha taifa kinachotoa kibali hicho kiko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979. Waombe wakuonyeshe nakala ya kibali. Mtafiti wa kweli hakasiriki ukimwomba, anayo mfukoni. Halafu shika fomu ya ridhaa. Iwe ya Kiswahili, iseme wanatafuta nini, sampuli itakaa wapi na itatupwaje, kama itatoka nje ya nchi au la, mtoto akikutwa na ugonjwa atatibiwa na nani na kwa gharama ya nani. Lazima kuwe na namba ya simu ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili, ambako unaweza kulalamika bila kupitia kwake. Saini mbili, nakala moja ubaki nayo. Kijana wa miaka 8 naye aelezwe kwa lugha yake, akisema hataki asilazimishwe.

Na unaweza kujitoa siku yoyote, hata ukiwa umeshatoa kikopo cha kwanza, bila kunyimwa huduma ya kawaida ya afya. Kaka wa Mwanga nakuelewa, hasira yako ina mizizi. Hao waliochukua damu bila kurudisha majibu walikosea, na ndiyo maana safari hii dada aulize majibu yatarudi tarehe ngapi, waandike.

Mwalimu wa Buhigwe

Mimi ni mwalimu, nimesimamia ugawaji wa dawa za kichocho shuleni. Tunamsimamisha mtoto kwenye ubao wa kupimia urefu, urefu unasema vidonge vingapi. Dawa ni prazikwanteli, ni chungu, na mtoto akiimeza na njaa anatapika na kushikwa tumbo. Mwaka 2008 kule Morogoro ugawaji shuleni ulizua vurugu, watoto waliumwa baada ya kumeza, uvumi ukaenea, wazazi wakavamia shule. Tangu nilipokisoma kisa hicho sigawi kidonge kabla sijaona kila mtoto amekula uji. Ikifika siku ya dawa mlishe vizuri kwanza.

Mzee wa Ujiji

Binti yangu, marahaba. Nimekuwa mvuvi miaka arobaini, na jambo hili limenigusa.

Mdogo wangu alikuwa na tumbo hilo hilo tangu utoto. Tukasema ni bandama, akachanjwa chale, akanyweshwa mizizi. Akakua, akaoa, akawa anavuta nyavu na mimi. Usiku mmoja tukiwa ndani ya mtumbwi, karabai zinawaka, akaniambia "kaka nasikia kichefuchefu", akainama. Nilidhani anatapika ugali. Mwanga ulipompiga nikaona ni damu, nyeusi kwanza kisha nyekundu, akajaza ndoo tuliyokuwa tunakombea maji. Hospitali wakasema mayai ya kichocho yamekaa kwenye ini miaka mingi, ini likawa na makovu, damu ikakosa njia ikapasua mishipa ya koo la chakula. Hakurudi nyumbani.

Mdudu huyu haingii kwa mdomo, anaingia kwa ngozi ukiwa majini. Anatoka kwenye konokono wadogo wa ziwani, na konokono anampata kutokana na choo chetu tunachojisaidia ufukweni. Hata nyani wa Gombe, jirani zetu hapo kaskazini, watafiti walichunguza vinyesi vyao wakakuta mayai haya haya, wakatangaza mwaka 1997. Nyani hakurogwa na mtu.

Kuhusu mama mkwe, usimpite wala usibishane naye. Waite hao vijana waje nyumbani, wamsalimie, wakae chini, wamweleze yeye kwanza. Yeye awaulize choo cha mjukuu wake kitakwenda wapi baada ya kupimwa. Mtu mzima akijibiwa kwa heshima hulainika.

Mama Shukuru

Asanteni sana. Mzee wangu pole kwa msiba huo, nimesoma mara mbili. Fomu nimeiangalia tena, ni ya Kiswahili, namba za simu zipo, nakala yangu ipo. Kibali sijaona, nitawaomba. Fundi, huyu wa miaka 3 naye anaweza kuwa nacho? Haogelei, ila namwogeshea kwenye beseni kwa maji ya ziwani.

Fundi Darubini

Anaweza. Maji ya beseni ni yale yale. Yachote leo, yafunike, uyatumie keshokutwa: vijidudu vilivyotoka kwenye konokono vikikosa ngozi ya kuingia havimalizi siku mbili. Na jua la kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri ndilo konokono huwatoa wengi, kwa hiyo watoto wasicheze majini saa hizo.

Kwa miaka mingi watoto wa umri wake waliachwa nje ya ugawaji kwa sababu dawa ilipangwa kwa wanafunzi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri matibabu yaanzie miaka 2. Na sasa kuna kidonge cha watoto wa miezi 3 hadi miaka 6 kinachoyeyuka kwenye maji, kilijaribiwa Kenya na Ivory Coast, kikapata kibali cha Shirika hilo mwaka 2024. Hicho kimetokana na wazazi wa huko waliokubali kutoa vikopo kama hivyo vyako.

Mama Shukuru

MREJESHO. Samahanini kwa kuchelewa.

Walikuja Jumamosi. Kibali wakakitoa, mwenyekiti akakisoma kwa sauti. Mama mkwe akauliza swali moja tu, kitatupwa wapi. Binti mmoja akamjibu kwamba mabaki hulowekwa kwenye dawa na kutupwa kwenye shimo la choo siku hiyo hiyo, akamkaribisha aende akaone. Akaenda kweli, na kanga yake begani, kwenye chumba cha zahanati walichoazima. Wakamwekea darubini, akachungulia kioo cha mtu mwingine. Aliporudi hakusema kitu, ila asubuhi yake alimwamsha mwenyewe mjukuu wake kwa ajili ya kikopo.

Majibu ya mkubwa ni mayai 264 kwa gramu. Daktari wa zahanati alimpima uzito, kilo 22, akapewa kidonge kimoja na nusu mbele yangu baada ya kula ugali na dagaa. Jioni tumbo lilimkata, akatapika kidogo, usiku akalala. Mdogo wake choo hakikuonyesha kitu siku zote tatu, lakini mkojo una mstari mwembamba sana. Wamesema watampima tena. Je, ana ugonjwa au hana? Na huyu mkubwa amepona?

Fundi Darubini

264 ni wastani wa mayai 11 kwa kioo, maambukizi ya wastani. Kupona tusiseme bado. Prazikwanteli inaua minyoo mikubwa, ile michanga iliyoingia majuzi inaponyoka. Baada ya wiki sita choo kipimwe tena, yakionekana mayai arudie dawa. Damu ikiendelea kabla ya hapo usisubiri, mrudishe kwa daktari.

Mdogo: mstari mwembamba una utata, unaweza kuwa minyoo michache ambayo mayai yake hayajanaswa, unaweza kuwa si kitu. Wamefanya vizuri kutokukurupuka. Andika tarehe waliyokupa nyuma ya ile nakala ya fomu, na siku hiyo nenda na mkojo wa asubuhi kwenye kikopo chao, si kwenye chupa ya soda.

Mama Shukuru

Nimeandika. Mume wangu amerudi jana, naye anaomba kupimwa.