Wakuu, nataka chenso ya nyumbani ya kukatia kuni, nichukue ipi?

Mlima_Baridi
Wakuu habari za jioni. Niko Njombe, nje kidogo ya mji. Nina kishamba cha miwati na mikaratusi alichoniachia baba, na nyumbani tunapikia kuni mwaka mzima. Juni hadi Agosti ndiyo usiseme, moto unawaka mpaka usiku wa manane. Sasa hivi namkodi kijana mwenye chenso, ila anakuja anapotaka yeye. Nataka ya kwangu. Miti mingi unene wake ni kama sahani ya wali, michache imefika futi moja na nusu. Sipasui mbao wala siuzi. Bajeti laki nane, naweza kuongeza kidogo. Dukani nimeoneshwa za Kichina zilizoandikwa 5800 (eti cc 58), jirani ananiambia nitafute Stihl 070, ya Mjerumani, iliyotumika. Nisaidieni mawazo.

Gogo_Kavu
070 mkuu, usipoteze muda. Huku Mufindi imepasua mbao tangu enzi za wazee na bado inanguruma.

FundiTupa
Gogo_Kavu, umesema mwenyewe: imepasua mbao. Jamaa anakata kuni. 070 ina cc 105 na uzito unapita kilo kumi hata kabla hujafunga cheni. Mpe mtu asiyeizoea akate pingili nusu saa, mgongo utamwambia. Halafu nyingi za zamani hazina breki ya cheni kabisa. Hiyo ni mashine ya watu wawili watatu wanaoshinda porini.

Mlima_Baridi, kwa miti yako angalia daraja la cc 30 hadi 45. MS 180 ya Stihl ina cc karibu 32 na uzito kama kilo nne, chuma cha kubeba cheni cha inchi 14 kinakutosha. Ile ya futi moja na nusu unaikata upande huu, unazunguka unamalizia upande wa pili. Ukitaka nguvu zaidi, MS 250 yao ina cc 45. Husqvarna nao wana za daraja hilo. Ila kabla hujalipia chochote, muulize muuza duka maswali matatu: cheni ya hii ipo? Kabureta ipo? Kamba ya kuwashia na springi yake je? Akianza kusema "tutakuagizia", ondoka.

Chapa_Kazi
Mimi nina ya Kichina na naikatia kuni mpaka leo. Hizo namba za 5800 zisikuchanganye, mara nyingi injini ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Ila spea zimejaa na bei yake ya kawaida, fundi pikipiki yeyote anaifungua. Kaza nati zote siku ya kwanza kabla hujaiwasha, maana zinalegea kwa mtikisiko. Mwenye laki tatu asikae bila chenso eti anasubiri ya Mjerumani.

BintiMakete
Kaka, angalia sana Stihl feki. Stika za rangi ya chungwa zinachapwa popote. Na usidhani alama ya "Made in Germany" ndiyo uthibitisho, Stihl wana viwanda pia Marekani, Brazili na China, kwa hiyo halisi inaweza kuwa imeandikwa nchi nyingine. Tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, siyo kwenye karatasi, na nunua kwa wakala atakayekuandikia risiti yenye namba hiyo. Bei ikiwa nusu ya wengine wote, jibu unalo.

Molo_Juu
Salamu kutoka Kenya. Mimi natumia pawa so (ndiyo hiyo chenso) ndogo kwa saipresi na sijuti. Kitu kimoja tu: mikaratusi ikate na uichanje ikiwa mbichi. Ikikauka, nyuzi zake zinashikana na shoka linadunda. Chanja, panga juu ya vijiti isiguse udongo, upepo upite.

Mlima_Baridi
Asanteni sana. Nimeelemea MS 180. Je, betri? Kuna mtu alinitajia.

FundiTupa
Kupogoa matawi sawa. Kwa kuni za mwaka mzima utahitaji betri zaidi ya moja, na bei yake utashangaa. Baki na petroli.

Babu_Msitu
Marahaba kwa watakaoniamkia. Vijana mmeongea mashine tu. Ncha ya juu ya kile chuma ikigusa gogo lingine wakati cheni inazunguka, chenso inaruka kuelekea usoni kwako, hupati muda wa kufikiri. Shika mshikio wa mbele dole gumba likiwa limezunguka chini, usikate juu ya mabega. Ukiwasha, iweke chini, kanyaga mshikio wa nyuma, vuta kamba. Wale wanaowasha huku wameining'iniza hewani ni wa kuonea huruma. Gogo lililolala juu ya magogo mawili, katikati pakaelea: anza kukata juu kidogo, malizia kutokea chini. Lililoshikwa upande mmoja tu, anza chini. Ukikosea, linabana cheni. Na usikate peke yako shambani. Kabla ya kuangusha miti, pita pia kwa afisa misitu, uliza kuhusu vibali vya kukata, kusafirisha na hata chenso yenyewe.

Mlima_Baridi
Shikamoo Babu, nimekusikia. Mafuta nachanganyaje? Kijana wangu anakadiria kwa kizibo cha soda.

FundiTupa
Ndiyo maana mashine za kukodi zinakufa pistoni. Kwa oili ya 2T ya Stihl wenyewe ni moja kwa hamsini: lita tano za petroli, mililita 100 za oili. Ukitumia 2T nyingine, kitabu chao kinasema moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 200. Changanya ya kutosha wiki chache tu, petroli iliyokaa inaziba kabureta. Tangi la pili ni la oili ya cheni, lijaze kila unapojaza petroli, na usiweke oili chafu ya gari, ina vyuma ndani.

Nunua na tupa ya duara ya milimita 4 siku hiyohiyo. Tazama unachotoa: zikitoka chenga, cheni ina makali. Ukitoka unga, zima. Piga kila jino mara mbili au tatu, sukuma mbele tu, idadi ileile kulia na kushoto, la sivyo itakata kwa kupinda.

Gogo_Kavu
Haya, 180. Lakini ukianza kupasua mbao utanitafuta.